Fundisho juu ya Amri ya Saba: Mshahara wa Mtu wa Kazi

Amri ya saba yakataza wizi. Mkatekumeni aisikiapo mara ya kwanza, hufikiri juu ya mwizi wa usiku, mtu avunjaye mlango na kuchukua mbuzi au baiskeli. Wizi huo waujua kila mtu, na wasiobatizwa pia huuadhibu. Lakini uko wizi mwingine ufanywao mchana, mbele ya macho ya watu, na pengine kwa kalamu na kitabu cha hesabu. Mwenye kuufanya haitwi mwizi. Huitwa bwana, na watu humwamkia kwa heshima. Huo ndio wizi wa mshahara.

Katekismo za zamani zilihesabu dhambi nne zinazomlilia Mungu na kudai adhabu. Ya kwanza ni kuua mtu kwa kusudi. Ya mwisho ni kumnyima mtu wa kazi ujira wake. Katekismo ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yazikumbusha tena. Yafaa kushangaa kidogo hapo: ujira wa mtu apaliliaye shamba la kahawa umewekwa katika hesabu moja na damu ya Abeli.

Sababu yake yaonekana katika Torati. Musa aliwaagiza Waisraeli wamlipe kibarua siku ile ile, kabla jua halijatua, awe ndugu yao au mgeni, kwa maana ni maskini na moyo wake wautazamia ujira huo. Neno hili si gumu kwa mtu wa kijijini. Kibarua hana ghala. Unga wa jioni hununuliwa kwa kazi ya asubuhi. Bwana asemapo, «Rudi kesho», yeye mwenyewe amekwisha kula. Lakini nyumbani kwa kibarua chungu hakikutelekwa, na watoto wamelala na njaa. Kesho akilipwa fedha zote bila kupunguziwa hata moja, bado usiku ule haukulipwa.

Habari za Yakobo na mjomba wake

Katika Kitabu cha Mwanzo mna habari za mtu wa kazi aliyedhulumiwa miaka 20. Mtu huyo ni Yakobo, mwana wa Isaka. (Asichanganywe na Yakobo Mtume, ambaye baadaye sana aliwaandikia matajiri barua kali juu ya ujira wa wavunaji waliouzuia.)

Yakobo alifika kwa Labani mikono mitupu, akiikimbia hasira ya Esau ndugu yake. Labani alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake Rebeka. Alimpokea vema, akamkumbatia, akamwingiza nyumbani. Yakobo akakaa mwezi mzima akisaidia kazi bure, kama afanyavyo kijana aliyekwenda kukaa kwa wajomba. Kisha Labani mwenyewe akasema kwamba haifai ndugu afanye kazi bila malipo, akamwuliza ataka mshahara gani. Maneno mazuri hayo. Mabwana wengi huanza hivyo.

Yakobo hakuwa na mali ya kutoa ili aoe. Alikubali kuchunga mifugo miaka 7 apewe Raheli, binti mdogo. Wazee wa Wabemba na wa makabila mengine hawataona ajabu: kwao pia kijana alimtumikia baba mkwe kwa jembe na shoka kabla ya kupewa mke. Miaka ilipotimia, Labani alifanya karamu, na usiku alimwingizia Lea, binti mkubwa. Asubuhi Yakobo alipolalamika, Labani alitaja desturi ya nchi: mdogo haolewi kabla ya mkubwa wake. Desturi hiyo pengine ilikuwa ya kweli. Lakini mbona hakuitaja siku ya mapatano? Hila yenyewe ilikuwa hapo. Bwana mwenye hila hana haja ya kusema uwongo. Hunyamaza siku ya kupatana, na siku ya malipo hutoa sheria ambayo mtu wa kazi hakuisikia kamwe.

Yakobo alipewa Raheli pia, akaongezewa miaka 7 mingine ya kazi. Kisha akatumika miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Walipatana kwamba wanyama wenye madoadoa na mabaka, na kondoo weusi, wawe wake. Siku ile ile Labani aliwatenga wanyama wa namna hiyo wote waliokuwamo zizini, akawapa wanawe wawapeleke mbali, mwendo wa siku 3. Mkono mmoja ulipatana, mkono wa pili ulificha. Tena mshahara wenyewe, asema Yakobo, ulibadilishwa mara 10.

Mwishowe Yakobo aliondoka kwa siri pamoja na wake zake, watoto na mifugo. Labani alimfuata siku 7, akamfikia katika milima ya Gileadi. Mungu alikuwa amekwisha kumwonya Labani usiku katika ndoto asimtendee mabaya. Hapo Yakobo alitoa yote yaliyokuwa moyoni kwa miaka 20. Mchana joto lilimchoma, usiku baridi lilimtesa, usingizi ulimkimbia. Mnyama aliyeraruliwa na mnyama wa mwitu, Yakobo mwenyewe alimlipa. Mnyama aliyeibwa, awe wa mchana au wa usiku, Labani alimdai yeye.

Maneno hayo yasomwe polepole. Baadaye Torati ya Musa ilisema kwamba mchungaji aletaye mabaki ya mnyama aliyeraruliwa asilipishwe, kwa sababu hasara hiyo si kosa lake. Labani alimlipisha. Mlinzi wa usiku anayekatwa mshahara kwa sababu mabati yaliibwa upande asioulinda, mtumishi wa nyumbani anayelipishwa sahani iliyokuwa na ufa tangu zamani, dereva anayedaiwa gurudumu lililochakaa: hao wote wayajua malalamiko ya Yakobo pasipo kufundishwa.

Na Labani alijibu nini? Hakujibu shtaka hata moja. Alisema kwamba mabinti ni wake, watoto ni wake, mifugo ni yake, na vyote vilivyoonekana pale ni vyake. Miaka 20 alikuwa na mtu wa kazi, asimwone. Aliona mali tu.

Wako Wakristu wanaodhani kwamba uvumilivu ni kunyamaza, na kwamba mtu akidai haki yake kwa bwana amekosa unyenyekevu. Yakobo hakunyamaza, na Maandiko hayamlaumu kwa kusema. Kweli, Mtume Paulo aliwaagiza watumishi watii mabwana zao. Lakini katika barua ile ile kwa Wakolosai aliwaagiza mabwana wawape watumishi yaliyo ya haki na ya usawa, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Wanaopenda kulisoma agizo la kwanza tu na kulifunga kitabu ni wengi, na si vigumu kujua wao ni akina nani.

Mapatano ya mwenye njaa

Swali: Bwana akisema, «Tulipatana franka hizi, nawe ulikubali», je, amekwisha kutimiza haki yote?

Jibu: La, si lazima awe ametimiza.

Mambo haya Baba Mtakatifu Leo XIII aliyaeleza katika barua yake Rerum Novarum, tarehe 15 Mei 1891. Mapatano yana nguvu, asema, lakini juu ya mapatano iko haki ya kale zaidi, itokayo katika maumbile ya mtu: mshahara usipungue hata ushindwe kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Mtu akikubali kidogo kuliko hicho kwa sababu ya shida au kwa kuogopa mabaya zaidi, hakukubali kwa hiari. Ametendwa kwa nguvu. Pio XI mwaka 1931 aliongeza neno juu ya jamaa: mshahara wa baba utoshe kwa matumizi ya nyumba yake. Yohane XXIII mwaka 1961 alikataa kwamba mshahara uachwe upangwe na soko peke yake au na mapenzi ya wenye nguvu.

Kwa mfano, mama mjane ana mtoto mgonjwa. Mwenye shamba ajua. Kibarua wa kawaida hulipwa kwa siku kiasi fulani. Yeye amwambia mama huyo achukue nusu, au aende zake. Mama akubali, tena ashukuru. Mapatano yapo, na mashahidi wapo. Mbele ya Mungu mwenye shamba amechukua nusu nyingine kwa mkono wake.

Nchi ya Kongo imeyajua haya kwa machozi. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilikuwa imepanda sana, na mishahara ya Waafrika katika migodi ya Katanga haikutosha. Wazungu waliofanya kazi humo walikuwa wamekwisha kujiunga na kudai nyongeza; Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi. Watu wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Askari walipiga bunduki. Watu wengi walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba ya wenzake. Hesabu ya waliokufa iliyotolewa na serikali na ile iliyosimuliwa na watu hazikulingana. Ruhusa ya Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi ilitolewa mwaka 1946, tena kwa mipaka mingi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba kuunda vyama hivyo ni haki ya mtu, na kwamba mgomo waweza kuwa wa lazima njia nyingine zote zikishindikana. Lakini mazungumzo yatafutwe kwanza, na yarudiwe mapema iwezekanavyo.

Sheria ya nchi

Mara nyingi mtu wa kijijini hudhulumiwa kwa sababu hajui kwamba sheria yamlinda. Yafaa katekista awaeleze watu machache, hata kama wengine watasema kwamba hayo si mambo ya dini.

Sheria ya Kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Yasema kwamba kazi kwa kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Mshahara ulipwe kwa nyakati zilizopangwa, na muda usipite mwezi mmoja. Mtu asiye na ujuzi wa pekee asiwekwe katika majaribio kupita mwezi mmoja. Kukosa karatasi ya mkataba hakumfanyi mtu awe si mfanyakazi: aweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba aliajiriwa na kwa masharti gani.

Iko sheria moja ambayo vibarua wengi hawaijui, nayo ni ya thamani kubwa. Mtu aandikwaye siku kwa siku, akiisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Si kibarua tena. Basi yeye aitwaye «wa siku» mwaka mzima, asiyepewa mapumziko wala matunzo ya ugonjwa, huyo amenyimwa cheo ambacho sheria imekwisha kumpa. Kolwezi na mahali pengine pa migodi wengi hawaajiriwi na kampuni yenye mgodi, bali na mtu mwingine anayewakodisha. Wakiuliza haki zao, mmoja huwatuma kwa mwenzake, na mwenzake huwarudisha kwa yule wa kwanza. Mtu wa namna hiyo aandike siku zake katika kadaftari, tarehe kwa tarehe, pamoja na jina la kapita aliyemsimamia. Kadaftari kadogo ni shahidi asiyechoka.

Mzozo usipokwisha kwa maneno, jambo hupelekwa kwanza kwa Inspekta wa Kazi ili awapatanishe. Wasipopatana ndipo liende mbele ya baraza la hukumu. Mtu asikawie, kwa kuwa sheria imeweka muda wa kudai. Afadhali waende wawili watatu wenye shida moja. Mmoja peke yake hutishwa upesi.

Pia mataifa yalipatana mwaka 1949, katika Shirika la Kazi la Kimataifa, kwamba mshahara usilipwe kamwe kwa pombe kali, na kwamba bwana asikate fedha za mtu isipokuwa kwa kadiri sheria ya nchi ilivyoruhusu. Wako walipao kazi ya kupalilia kwa chupa ya lutuku. Mume anywa, mke na watoto wangojea nyumbani ujira uliokwisha kunyweka.

Kujilipa kwa siri

Hapa pana jaribu kubwa, na wakatekumeni wengi hawalioni kuwa ni jaribu. Mtumishi asema moyoni: «Bwana ameniibia, nikichukua mafuta kidogo katika pipa lake sikuiba, nimejilipa.» Au kapita huandika majina ya watu wasiokuwapo kazini na kugawana fedha nao. Au watu hupatana kulima nusu ya kipimo, wafunike pasipolimwa kwa majani.

Swali hili si jipya. Hapo kale walimu wengine walifundisha kwamba watumishi wa nyumbani waweza kuchukua vitu vya bwana kwa siri, wakiona wenyewe kwamba kazi yao yapita mshahara. Papa Inosenti XI aliyahukumu mafundisho hayo mwaka 1679. Ubaya wake u wapi? Mtumishi huyo amejifanya mdai, shahidi na hakimu pamoja. Nani atapima kama alichochukua ni sawa na alichodai? Kila mtu huona kazi yake kuwa nzito. Leo achukua kopo moja, kesho debe. Na mlinzi asiye na kosa ndiye afukuzwaye kazi kwa ajili ya mafuta hayo.

Yakobo mwenyewe, baada ya kudanganywa mara nyingi, alitumia werevu wake wa vijiti ili wanyama wenye nguvu wawe upande wake na wanyonge wawe wa Labani. Maandiko yasimulia bila kuficha. Mwenye kuonewa, akikaa miaka mingi chini ya mtu wa hila, hujifunza hila. Hiyo nayo ni hasara, wala Inspekta hawezi kuirudisha.

Mkatekumeni akiwa bwana

Wasomaji wengi wa somo hili watasema kwamba wao si mabwana. Hawana kampuni wala shamba la michikichi. Lakini ni nani aliyemwita kijana wa jirani apasue kuni, akamwahidi fedha, kisha akampa mhogo mmoja? Ni nani anayekaa na mtoto wa dada yake aliyetoka kijiji cha mbali, akimchotesha maji na kumtwangisha tangu alfajiri, hali watoto wa nyumba waenda shule, na kusema kwamba anamlea? Huyo ni mjomba Labani tena, bila mifugo.

Kazi ya kusaidiana kwa zamu ni jambo jingine. Watu wakilima leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba akiwapikia, hapo hapana mshahara wala dhuluma, mradi zamu ifike kwa kila mmoja. Pengine haifiki kwa mjane: watu hula chakula chake na kumwahidi, kisha mvua yawatangulia.

Mwalimu awaitaye wanafunzi walime shamba lake saa za masomo, na katekista ahesabuye jembe la mkatekumeni kama sehemu ya mafundisho, nao wajichunguze. Ubatizo haununuliwi kwa kulima. Sinodi ya Maaskofu iliyokutana Roma mwaka 1971 ilisema kwamba mwenye kuthubutu kuwahubiria watu haki yampasa awe wa kwanza kuonekana mwenye haki, ikataja hasa malipo ya wale wanaolitumikia Kanisa. Basi misheni isiyomlipa mpishi wake, au fundi aliyejenga kikanisa, haiko nje ya amri hii.

Deni kabla ya Ubatizo

Swali: Aliyemdhulumu mtu wa kazi kabla ya kubatizwa, je, Ubatizo hauondoi dhambi hiyo?

Jibu: Ubatizo waondoa dhambi yote na adhabu yake. Fedha za mtu hauziondoi mfukoni mwa aliyezizuia, yampasa kuzirudisha.

Zakayo alielewa hivyo siku ile Yezu alipoingia nyumbani mwake: hakungoja kuulizwa, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kanisa halimdai mkatekumeni mara nne. Lamdai kile alichozuia, na hasara iliyotokana nacho kama ipo. Asiyeweza kulipa yote mara moja alipe kidogo kidogo, baada ya kumwendea mwenyewe na kupatana naye muda. Kama mwenye haki alihamia mbali, atafutwe kwa jamaa zake. Kama amekufa, deni ni la mjane na watoto wake. Kama hawaonekani kabisa, baada ya kuwatafuta kwa kweli, mali hiyo wapewe maskini. Lakini si halali kuanza na maskini wakati mjane akaa mtaa wa pili.

Wiki zilizobaki kabla ya Pasaka zatosha kwa kazi hiyo. Aliye na kitabu cha hesabu akifungue. Asiye nacho amwulize mkewe, maana mara nyingi mke hukumbuka ni nani aliyerudi mlangoni mara tatu akaambiwa aje kesho.